Sauti Isiyojua Kuaga

Enesia Mgaya alikuwa amejifunza kwenda sokoni bila kufungua mdomo. Alinyoosha kidole kwenye fungu la nyanya, akaonyesha vidole viwili, akalipa, akaondoka. Wauza mboga wa Njombe walishamzoea. Wageni walidhani ni bubu, naye aliwaacha wadhani hivyo, maana bubu huachwa apite kwa amani.

Jumatano ile alijisahau. Kijana mmoja alimkanyaga mguu penye matope, naye akasema, "Taratibu, mwanangu."

Maneno mawili tu. Kijana akaganda pale pale. Alikuwa mrefu, amevaa koti la mvua la wachuma chai, na nyuma ya sikio lake la kushoto palikuwa na kitu cheusi, kidogo kama punje ya haragwe. Alimtazama Enesia usoni, akatazama mdomo wake, akarudi usoni.

"Dada Enesia?"

"Ndiyo."

"Ni wewe kabisa?" Machozi yalishaanza kumlenga. "Dada, asante kwa yale ya juzi. Bila wewe juzi, leo nisingekuwepo. Na nimefanya kama ulivyosema. Nimemwambia baba."

Enesia hakujua alisema nini juzi. Hakujua huyo baba ameambiwa nini, wala kijana mwenyewe anaitwa nani. Utaanzaje kumwuliza jina mtu anayekushukuru kwa kumwokoa roho?

"Vizuri sana," alisema. "Na baba alisemaje?"

Kijana akacheka huku akipangusa macho. "Si nilikusimulia jana, dada! Hata ukacheka."

"Ah. Kweli."

Labda ni jinsi alivyojibu, labda ni macho yake. Tabasamu la kijana likapungua kidogo kidogo. Akatoa shikamoo, salamu aliyopaswa kuanza nayo, akapotelea kwenye mabanda ya viazi. Enesia akabaki amesimama kwenye matope na nyanya zake. Alitamani kumkimbilia amuulize alicheka nini jana.

Miaka hiyo blanketi lilikuwa limeshazoeleka nyanda za juu. Ulikuwa unga wa kijivu wa kunusa, na vijana waliuita hivyo kwa sababu ukiunusa tu baridi inakwisha. Si ile baridi ya Njombe inayouma vidole peke yake. Ilikwisha pia ile nyingine, ya kukaa chumbani ukisikia wenzako wanacheka nje. Aliyenusa alisemwa kwamba amejifunika, na kumfunua haikuwa kazi ya mchezo. Arosto ya blanketi, yale mateso ya kuliacha, ilikuja na hofu, na vilio, na sauti kichwani zilizomwambia mtu kwamba hana faida duniani. Wengi walirudi kujifunika kabla wiki haijaisha.

Enesia alikuwa afisa ustawi wa jamii, na dawa yake ilikuwa miguu. Aliwaendea vijana hao nyumbani kwao, mlango kwa mlango, kila siku ya Mungu. Alioenda kuwaona walipona kuliko wengine, na wataalamu hawakujua kwa nini. Ndipo watu wa Mpango wa Mwandani wakaja na vinasa sauti. Wakamfuata nyumba hadi nyumba, wakanasa anavyobisha hodi, anavyosema pole, anavyonyamaza, anavyocheka. Mwisho wakamtia ndani ya punje.

Punje hiyo ndiyo mwandani. Inakaa nyuma ya sikio, inapima mapigo ya moyo na jasho la ngozi, na hamu ya blanketi inapopanda, sauti inaanza kuongea kabla mkono haujafika mfukoni. Inamsikiliza kijana, inakumbuka yote, inajibu yenyewe. Na sheria inamlinda kijana: aliyomwambia mwandani wake hayasikiwi na binadamu yeyote, hata mwenye sauti. Enesia mwenyewe aliipigania sheria hiyo, na bado aliiona ni ya haki. Lakini siku hizi nyanda zote za juu ziliongea naye, na yeye hakuwa na mtu wa kuongea naye.

*

Benchi la wateja nje ya ofisi yake lilikuwa tupu, na ndiyo hali yake tangu mwandani aje. Mwenye dada sikioni atafuata nini ofisini? Enesia alilifuta vumbi kila asubuhi hata hivyo.

Mchana wa Jumatano hiyohiyo aliingia Ayubu Mligo, mratibu wa Mpango, mtu wa suti safi na viatu vyenye matope. "Mama Ustawi! Bado unakaa hapa peke yako kama mlinzi wa shule wakati wa likizo?"

"Mtu akija je?"

"Nani aje, dada? Umeshawafikia wote." Akavuta kiti. "Nimekuja kukukumbusha Ijumaa. Unaweka kidole, kibali kinaanza upya, na safari hii sauti yako inakwenda nchi nzima. Bukoba, Mtwara, kote."

"Nilikuomba ubadilishe mwisho."

Mligo akashusha pumzi. Walikuwa wameshaongea habari hiyo mara nyingi, na kila mara iliwaacha wote wawili na kiungulia.

Siku za kunasa sauti, Enesia alipewa sentensi ya kusoma: kwaheri, tutaongea tena. Akakataa. Mama yake alimfundisha kwamba mgonjwa haagwi. Ukimwambia mgonjwa kwaheri, umemchimbia kaburi angali anapumua. Mgonjwa huambiwa, haya, kesho nitakuja. Enesia aliwaambia hivyo vijana wake wote, na kesho yake akaenda kweli, mvua ikinyesha au isinyeshe. Mashine ikajifunza kwake. Sasa kila jioni, katika maelfu ya masikio, sauti yake ilifunga maongezi kwa maneno yale yale: haya mwanangu, kesho nitakuja.

"Wanaahidiwa kitu ambacho hakipo," alisema.

"Waliambiwa siku ya kwanza kwamba ni mashine. Walitia sahihi."

"Mligo, mimi na wewe tunajua sahihi ya mtu mwenye arosto ina uzito gani."

Mligo hakucheka. "Tulijaribu, dada. Tuliiunga kwaheri kwa mashine, tukawawekea vijana wa mji mmoja. Msimu huohuo wa baridi nusu yao walirudi kujifunika. Watatu nimewazika, nimeshika koleo kwa mikono hii. Usinielewe vibaya, lakini kinachowashika si ushauri wako. Ni kesho. Kijana anajiambia, siwezi kujifunika leo, kesho Dada Enesia anakuja, atanikuta katika hali gani?"

"Na siendi."

"Huendi. Lakini wako hai."

Ingekuwa rahisi kumchukia Mligo kama angekuwa mwongo, au kama asingewalilia wale watatu. Alimtazama akitoka, viatu vikiacha matope sakafuni, kisha akachukua ufagio.

*

Aliporudi nyumbani jua lilikuwa bado juu ya mashamba ya miparachichi, na kizingitini kwake amekaa msichana wa miaka kama kumi na tisa, kapu miguuni, kitenge kimefungwa shingoni kujikinga na upepo. Alipomwona Enesia aliinuka, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mwanangu."

Aliposikia sauti, msichana akafumba macho, kama mtu aliyepata maji baada ya safari ndefu. Kisha akamshika Enesia mkono, akaugeuza huku na huku, akamgusa paji la uso kwa mgongo wa kiganja.

"Pole sana. Umepona?"

"Niliumwa lini?"

"Dada, usinifiche. Mimi ni Vaileti. Vaileti Sanga, wa kule Makete."

Alilitaja jina kama la mtu anayejulikana. Enesia akafungua mlango, akamkaribisha ndani, akamwuliza amekujaje. Vaileti alitandika kitenge mezani, akatoa kwenye kapu bakuli lililofunikwa kwa bakuli jingine: viazi, maharage, na kipande cha kuku.

"Kila jioni unaniambia kesho utakuja," alisema. "Kwa hiyo kila siku nakupikia. Nakuwekea fungu lako, nalifunika, nangoja. Giza likiingia nasema, labda barabara imeharibika. Asubuhi nakula mimi, maana chakula hakitupwi." Alikuwa akiongea huku anapanga sahani, kama yuko kwake. "Mwanzo nilikasirika. Halafu nikakaa nikafikiri. Huyu mtu si mwongo, mbona mengine yote anayoniambia ni kweli? Mtu asiye mwongo akisema kesho, na kesho haji, basi anaumwa. Na bibi yangu alisema mgonjwa huendewa, hasubiriwi. Nikapanda gari, na hapa Njombe nikaulizia kwako."

Enesia alikaa. Alitamani kucheka na alitamani kulia.

"Vaileti, si walikuambia kwamba mwandani ni mashine?"

"Waliniambia. Hata simu ni mashine. Lakini anayeongea ndani yake ni mtu."

Hapo Enesia angeweza kusema: ndiyo, niliumwa, nimepona. Ingetosha. Msichana angerudi Makete na furaha yake, angewasha moto, angepika, angengoja, na asingejifunika. Mligo angempongeza. Enesia akala kiazi kimoja, kisha kingine. Kilikuwa kimepikwa na mtu aliyefikiria mlaji. Tangu mama yake afariki hakuna aliyempikia, na kumdanganya mtu huku unatafuna chakula chake kulimshinda.

"Sikuumwa, mwanangu. Mimi sijawahi kuongea na wewe. Leo ndiyo mara ya kwanza nakuona, na ndiyo mara ya kwanza nasikia jina lako."

Vaileti alitabasamu kwanza, akidhani ni utani.

"Sauti ni yangu," Enesia aliendelea. "Walinasa nikiwa naongea na wengine, zamani. Inayokujibu ni mashine. Mimi sisikii chochote."

"Ile siku ya mvua kubwa. Niliyokuambia kuhusu mtoto wangu."

"Sikusikia."

"Na bibi alivyofariki nimemshika?"

"Sikujua hata kama ulikuwa na bibi. Ningejua, ningekuja."

Vaileti aliangalia bakuli. "Kwa hiyo sijamwambia mtu," alisema mwishowe. "Yote yale. Sijamwambia mtu yeyote."

Mikono yake ikaanza kutetemeka. Enesia aliijua mitetemeko hiyo. Alizunguka meza, akapiga magoti mbele yake, akamshika mabega. "Nipo, mwanangu. Vuta pumzi na mimi. Taratibu." Na kutoka nyuma ya sikio la Vaileti, ndogo lakini wazi, sauti yake mwenyewe ikasema, "Nipo, mwanangu. Vuta pumzi na mimi. Taratibu." Enesia akasema, "Taratibu hivyohivyo." Sauti ikasema, "Hivyohivyo, taratibu."

"Nyamazeni mmoja!" Vaileti alipiga kelele.

Enesia akanyamaza. Ya sikioni ikaendelea. Haikuchoka, haikusita. "Unaukumbuka wimbo wa bibi wa kupepeta ulezi? Tuanze pale anapowaita kuku. Imba, mimi nakusikiliza." Vaileti akaanza kuimba kwa pua, macho yamefumbwa, akijibembea. Mitetemeko ikapungua, ikaisha. Enesia alibaki pale sakafuni kwake, magoti yanamuuma, akisikiliza wimbo ambao hakuna aliyewahi kumfundisha.

"Yeye anaujua wimbo wa bibi," Vaileti alisema baadaye. "Wewe huujui."

"Siujui. Nisimulie."

"Nimeshasimulia. Siwezi kuanza tena mwanzo." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyechoka, na Enesia akamtandikia kitanda chake mwenyewe.

*

Asubuhi kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri na hakuna mtu. Vyombo vyote vimeoshwa na kupinduliwa vikauke. Katikati ya meza, juu ya kitambaa, ilikuwa imewekwa ile punje.

Enesia alikuwa bado ameishika punje kiganjani simu ilipolia.

"Kuna punje haisomi moyo," Mligo alisema bila salamu. "Vaileti Sanga wa Makete. Na ramani inasema iko nyumbani kwako."

"Alikuja kunijulia hali."

"Umemwambia."

"Nimemwambia."

"Dada Enesia." Sauti ya Mligo ilikuwa imeshuka. "Yule binti alipoteza mtoto kwa sababu ya blanketi. Hiyo ni ya kwenye faili, si siri ya mwandani. Anakaa peke yake. Muuzaji wa blanketi anakaa njia hiyohiyo ya kwake. Ulikuwa unafikiria nini?"

"Alikuwa amenipikia, Mligo."

"Nini?"

Hakumweleza. Alivaa koti, akatia punje mfukoni, akaenda stendi bila kunywa hata chai.

Gari la umeme la Makete lilikuwa na abiria wachache, kila mmoja na kiti chake na dirisha lake. Lilipanda milima kimya kimya kwenye baridi. Walipoacha lami, mfuko wa Enesia ukaanza kuongea.

"Mwanangu, upo? Mbona kimya?"

Mzee wa kiti cha mbele akageuka, akageukia tena mbele. Enesia akaifunika punje kwa kiganja.

"Upo? Sikusikii. Kama umekasirika, kasirika, lakini niambie."

Iliita hivyo mlima mzima. Ilikuwa sauti yake ya miaka ile ya miguu, sauti ya mwanamke aliyejua atabisha hodi mlango upi, na ilimchoma kuisikia ikitafuta. Mwisho aliitoa mfukoni akaibandika nyuma ya sikio lake. Alijiambia ni ili inyamaze.

Punje ikanyamaza kidogo, ikimpima.

"Ahaa, umerudi. Mapigo yako yanakwenda mbio na ngozi yako ni ya baridi. Umekula?"

Hakuna aliyemwuliza swali hilo mwaka mzima. Alishangaa machozi yalivyokuwa karibu.

"Sijala," alisema.

"Umekula, mwanangu?"

"Nimesema sijala."

"Mbona kimya? Nipo. Sema lolote."

"Sijala!" Abiria wote wakageuka. "Sijala, naogopa, nimemvunja mtoto wa watu!"

"Mbona kimya?" ilisema sauti kwa upole.

Ndipo akakumbuka. Zamani Mligo alimweleza kwamba punje ilifundishwa kutoisikia sauti yake yenyewe, isije ikajijibu. Inachuja sauti hiyo na kuitupa. Katika nchi nzima kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye mwandani hawezi kumsikia hata akipiga mayowe, naye amekaa kwenye gari la Makete akilia mbele za watu.

"Basi, si lazima uongee," sauti ilisema. "Kaa tu. Mimi nakaa na wewe. Ukifika, kula kitu cha moto. Haya, mwanangu. Kesho nitakuja."

Na Enesia, aliyejua kuliko mtu yeyote duniani kwamba hakuna anayekuja, alifarijika. Kwa muda mfupi, mabega yakamshuka, akaiona kesho na mtu mlangoni. Alimwelewa Mligo. Alielewa pia kwa nini msichana anaweza kupika kila siku kwa ajili ya hiyo. Akaibandua punje haraka, kabla haijasema tena, akairudisha mfukoni.

*

Nyumba ya Vaileti ilikuwa mwisho wa kijiji, juu ya shamba la viazi. Enesia aliulizia njia mara mbili, na mara zote mbili aliyemwelekeza alimtazama kwa mashaka, maana njia hiyohiyo ilipita kwa muuzaji. Mlango wa muuzaji ulikuwa wazi. Alichungulia. Vijana wawili wamelala kwenye mkeka, wamejifunika, nyuso zimelegea kwa raha. Vaileti hakuwa miongoni mwao, lakini hilo lilimaanisha tu kwamba hayupo hapo kwa sasa.

Moshi ulikuwa unatoka jikoni.

"Hodi," alisema. "Hodi humu ndani."

Hakuna jibu. Akasubiri, kwa sababu hodi haisemwi mara moja. "Hodi."

"Wewe ni yupi?" aliuliza mtu ndani.

"Mimi ni yule asiyeujua wimbo."

"Pita."

Vaileti alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na moto, sahani mapajani. Macho yake yalikuwa mekundu lakini yalikuwa macho yake, ya mtu aliye macho. Enesia alishika mwimo wa mlango.

"Nilipita pale," Vaileti alisema, akionyesha bondeni kwa kidevu. "Nikasimama mlangoni. Nikangoja useme kitu. Sikio kimya. Hakuna mtu wa kunikataza, hakuna mtu anayekuja kesho. Nikasikia baridi tu. Baridi sana. Nikasema, ngoja kwanza niwashe moto." Akageuza kiazi kwenye sahani. "Nimewasha. Kesho sijui, dada. Usifikiri nimepona."

"Sifikiri hivyo."

"Na leo sikukuwekea chakula."

Enesia aliangalia jikoni. Ni kweli. Hapakuwa na bakuli lililofunikwa, wala fungu la mtu yeyote. Siku zote zile alizosubiriwa hakuja. Leo amekuja, na hasubiriwi. Ilimuuma, na pale pale alijua ndiyo habari njema aliyoipata mwaka huo.

"Ni sawa kabisa," alisema.

"Umekula?"

"Sijala."

"Tangu lini?"

"Tangu viazi vyako."

Vaileti akatikisa kichwa, akamnyooshea birika la maji. "Nawa mikono." Akasogeza sahani yake katikati, juu ya kigoda kingine, nusu yake ikiwa imeshaliwa, na wakala pamoja bila kuongea. Maharage yalikuwa ya moto. Nje ukungu ulipanda shambani ukafika mlangoni ukasimama hapo.

Walipomaliza, Enesia alitoa punje, akaiweka kwenye kiganja. "Nimekuletea. Ni yako. Kuiweka au kuiacha ni uamuzi wako, mimi sikulazimishi. Leo nimeivaa njiani, nimejua ni kitu gani."

Punje ikasikia pumzi ya Vaileti. "Mwanangu! Ulikuwa wapi? Haya, pumzika sasa. Kesho nitakuja."

Vaileti aliichukua, akaitazama kwa muda. Hakuibandika sikioni. Aliiweka kwenye ubao wa vyombo, karibu na chumvi.

"Ikae pale," alisema. "Kuna siku nitazidiwa, nitaichukua. Lakini sitaipikia."

Enesia akainuka, akachukua koti. Alifika mlangoni, na maneno ya mama yake yakaja yenyewe mdomoni, yale yale, tayari. Akayameza. Yalishuka kwa tabu.

"Kesho sitakuja, Vaileti. Kesho nina kazi Njombe."

"Najua."

"Nitakuja Jumamosi. Gari la asubuhi. Uniimbie huo wimbo, uanze mwanzo kabisa, kama utataka."

Vaileti alikuwa anaokota sahani. Hakuinua uso. Enesia aliona mabega yake yakifikiri.

"Jumamosi tunavuna viazi," alisema. "Ukija, njoo na jembe. La kwangu ni moja."

Enesia alishuka mlima akiteleza kwenye matope. Hakuwa na jembe. Alikuwa akiwaza duka gani litakuwa wazi simu ilipolia.

"Yuko hai?" Mligo aliuliza.

"Yuko hai. Hajajifunika. Leo."

Alimsikia Mligo akitoa pumzi ndefu. "Na kesho? Utakuja kuweka kidole?"

"Nitakuja. Lakini mwisho ubadilike. Kila punje iseme nani anakuja, na siku gani. Mahali ambapo hakuna mtu, iseme hakuna mtu. La sivyo mchukue sauti ya mwingine."

"Wataanguka wengine, dada. Unajua."

"Najua. Na safari hii nitalishika koleo na wewe." Ilibidi asimame kidogo. Hakuwa na hakika hata kidogo, na aliogopa. "Ndiyo maana inabidi tuwaendee."

"Watu gani hao wa kuwaendea? Maelfu yote hayo? Tupo wewe na mimi na benchi tupu!"

"Jumamosi unafanya nini, Mligo?"

Enesia alisikia upepo kwenye simu, hakujua ni wa huku mlimani au wa kwa Mligo.

"Jumamosi," Mligo alisema polepole, "sina kitu."

"Basi njoo. Na uje na majembe mawili."